Somo, nimekosa pointi moja: chuo cha mtandaoni kitanifaa?

Assalaam aleikum Somo. Shikamoo.

Nakusoma siku zote nikicheka na shida za wenzangu, leo zamu yangu. Nina miaka 22, nakaa Wete. Nilisoma EGM, na matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilikuta D ya Jiografia, E ya Uchumi na F ya Hisabati. D ni pointi mbili, E ni moja. Chuo kikuu wanataka nne kwa masomo mawili. Pointi moja, Somo! Mkopo nao hauzungumziki, maana bodi ya mikopo haikupi kitu kama huna chuo kilichokupokea.

Tangu hapo nipo dukani kwa ami yangu, duka la steshenari karibu na soko. Natoa kopi, napiga chapa barua za watu, nauza vocha. Kinachoniuma ni kuwa kila mwaka dirisha la maombi likifunguliwa, mimi ndiye ninayewajazia wenzangu fomu za vyuo na za mkopo. Ile mifumo naijua kuliko wao. Mwaka jana nilimjazia mtoto wa jirani, akapata nafasi Unguja, akaniletea halua ya shukurani. Niliila huku machozi yananitoka.

Mtoto wa ami yangu mwengine, aliyeko Maskati, ndiye aliyenieleza habari ya University of the People ya Marekani. Anasema hawatozi ada, unalipia mtihani tu, na ninaweza kusomea sayansi ya kompyuta hapahapa Wete kwa simu yangu na ile kompyuta ya dukani. Nimeisoma tovuti yao usiku kucha. Naona kama nimefunguliwa njia, ila roho haitulii.

Kaka yangu anafanya kazi hotelini Nungwi. Amesema atanilipia, lakini kitu kimoja tu: chuo cha mtandao au diploma, nichague mwenyewe, na jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Baba ni mtu wa karafuu. Nilipomueleza alinitazama akasema, "Chuo kisichokuwa na mlango kinamtoa nani?" Mama hana neno na masomo, ila anasema msichana kukesha na simu mkononi watu watasemaje, hasa sasa ambapo wapo walioanza kupita kuulizia.

Rafiki yangu wa Mwanakwerekwe alijiandikisha kozi tano za bure za mtandaoni, hakumaliza hata moja. Na juzi kwenye grupu la WhatsApp limepita tangazo: digrii kamili kwa miezi sita, wanakuhesabia uzoefu wako wa kazi, laki nane tu. Ami anasema nichukue hiyo, yaishe.

Ninachokitaka ni ajira ya serikali. Ikishindikana, basi kazi ya kompyuta, hata ya kufanya kwa mbali. Niambie kweli tupu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Njia Panda, Wete

*

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu.

Nianze na ami yako, maana lake halina mjadala. Hilo tangazo la laki nane lifute, na aliyelipitisha kwenye grupu mwambie na yeye alifute. Chuo kinachokuhesabia kuuza vocha kuwa ni muhula wa masomo kinauza karatasi. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti yenye majina ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, na humo walikuwemo watu waliokwisha kuzeeka maofisini. Ami yako anakutakia kheri, sina shaka, lakini mwambie kwa adabu kuwa kama laki nane zipo, anunue mashine mpya ya kopi.

Sasa chuo chako cha Marekani. Hicho ni chuo cha kweli. University of the People ilianzishwa 2009 na Shai Reshef, makao yake ni Pasadena, California, na mwaka 2014 ilipata ithibati ya chombo cha Marekani kinachosimamia elimu ya masafa. Inapokea watu wa kila pembe ya dunia, mpaka wakimbizi. Kwa hiyo ndugu yako wa Maskati hakukudanganya, ila kakupunguzia hesabu. Kuomba kujiunga kunalipiwa, dola 60. Kisha kila kozi ina malipo yake ya tathmini, na digrii ina kozi 40. Zamani kozi moja ilikuwa dola 100, na bei imeshapanda tangu hapo, itazame ya leo kwenye tovuti yao. Chukua hata ile ya zamani: kozi 40 ni dola 4,000, na kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni milioni 10. Kaka yako analijua hilo, au yeye naye kaambiwa "bure"?

Uzuri wake ni kuwa hulipi kwa mkupuo. Unalipa kozi kwa kozi, ukikwama unapumzika, na upo ufadhili wa kuomba. Kwa mtu anayelipiwa na kaka wa hotelini, ambaye masika wageni wakipungua na bahashishi inapungua, huo ni uzuri mkubwa. Ubaya wake ni kuwa deni lako linahesabiwa kwa dola na kaka yako analipwa shilingi. Siku shilingi ikiteremka, kozi yako imepanda bei bila ya chuo kubadilisha chochote.

Baba yako anasema chuo kisichokuwa na mlango hakimtoi mtu. Hapo simuungi mkono moja kwa moja, na naomba asinikasirikie. Mwaka 2014 Georgia Tech, chuo kikubwa cha uhandisi huko Marekani, kilianza kutoa digrii ya pili ya kompyuta kwa mtandao kwa karibu dola 7,000, wakati kuisomea pale pale chuoni kuligharimu mara kadhaa ya hizo, na cheti ni kilekile. Wamehitimu maelfu. Elimu ya mtandao inaweza kuwa rahisi na ikawa nzuri, hilo limeshaonekana.

Ila tazama wanaopokelewa pale: watu wenye digrii ya kwanza mkononi, wengi wana kazi zao. Kwa anayeanza, mambo yalikwenda vyengine. Mwaka 2013 San José State University ya California ilishirikiana na kampuni ya Udacity kutoa kozi za hesabu kwa mtandao kwa dola 150. Katika ile kozi ya hesabu za msingi, ya wale ambao hesabu zilishawashinda kabla, hawakufika hata theluthi waliopasi. Ikaamuliwa mradi usimame kuanzia muhula wa vuli. Lakini kiangazi cha mwaka uleule, kabla haujasimama, kozi zikajaa watu wengine, wengi wao wasomi tayari, na matokeo yakapanda. Kozi zilikuwa karibu zilezile na bei ileile. Mimi hapo najifunza kuwa mtandao humnyanyua zaidi yule aliyekwisha kujua kusoma peke yake, na yule aliyeachwa nyuma na skuli humuacha pale pale, safari hii bila hata mwalimu wa kumuuliza kulikoni.

Na wewe, mwanangu, una F ya Hisabati. Uliniomba kweli tupu, ndiyo hii. Sikucheki: hesabu za EGM zimewaangusha wengi wenye akili zao, na wewe mwenyewe unajua huko skuli kwenu mwalimu wa hesabu mlikuwa naye kwa muda gani. Lakini sayansi ya kompyuta pale ina aljebra, ina kalkulasi, ina hesabu nyengine zinazohusu mantiki na seti. Utazikuta mapema, kwa Kiingereza, peke yako.

Upekee huo ndio unaowashinda watu. Rafiki yako wa Mwanakwerekwe usimseme vibaya, yumo katika wengi. Watafiti wa MIT walizitazama kozi za wazi zinazotolewa na chuo chao pamoja na Harvard, wakachapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 2019: katika mwaka wa masomo wa 2017/18, kati ya watu 100 waliojiandikisha walimaliza kama watatu tu. Miongoni mwa waliolipia cheti walimaliza 46. Kulipa kunamfunga mtu. Na zaidi ya pesa, kunamfunga mtu kujua kuwa yupo atakayemuuliza jana ulikuwa wapi.

Nikueleze na wiki ya chuo hicho ilivyo, maana tovuti ina picha nzuri za watu wanaocheka. Muhula ni wiki tisa, ya mwisho ni ya mtihani. Hakuna mhadhara wa kukaa ukamtazama mwalimu. Unapewa maandishi ya kusoma, unaandika insha, unajadiliana na wenzako kwa maandishi, na kazi zako nyengine huenda zikapewa alama na wanafunzi wenzako, na wewe ukawapa wao. Akikuangukia mvivu, insha yako uliyoihangaikia siku mbili ataisoma kwa dakika mbili. Chuo chenyewe kinasema kozi moja inataka kama saa 15 kwa wiki. Wiki inafungwa Jumatano usiku, dakika tano kabla ya saa sita, kwa saa ambazo ziko nyuma yetu kwa saa nane. Kwako wewe Wete hiyo ni Alhamisi saa 1:55 asubuhi. Umeme ukikatika alfajiri ya Alhamisi, Pasadena hawana habari.

Halafu msimu wa karafuu uingie. Unanielewa. Zimechumwa, zimeletwa, nyumba nzima imekaa chini inachambua mpaka usiku, karafuu huku makonyo huku, kesho ziwahi jua kwenye majamvi. Nani atakuacha uinuke ukaandike insha ya kuwaandikia watu usiowajua? Siku hizo mama hatosema "watu watasemaje". Atasema "lete mikono".

Nimefika sasa kwenye jambo lenyewe, ambalo barua yako yote hukuligusa. Unataka ajira ya serikali. Digrii ya nje, ukiitaka ihesabiwe kwetu, inapita Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Zanzibar ni hiyohiyo, kwa sababu elimu ya juu ni jambo la Muungano. Na Tume haitazami karatasi ya mwisho peke yake. Inatazama chuo kama kina ithibati kwao, na inataka na vyeti ulivyoingilia: cha nne, cha sita, au diploma. Chuo cha Marekani kitakupokea kwa kuwa umemaliza sekondari. Hakitakuuliza pointi nne. Lakini ukirudi na digrii yako, zile pointi tatu zitawekwa mezani pamoja nayo.

Mwambie baba, yeye atalielewa hili haraka kuliko sisi sote. Karafuu ziwe nyingi vipi, zikifika kituoni hazijakauka, mpimaji anazirudisha. Uchumaji umeshalipwa, gari imeshalipwa, na mzigo unarudi nyumbani. Digrii ya miaka mitano ikirudishwa kwa sababu ya pointi moja ya kidato cha sita, hasara yake haina jua la kuikausha.

Sisemi kuwa itarudishwa. Nasema uliza sasa, kabla ya dola 60 kutoka. Waandikie TCU barua pepe. Taja jina la chuo, programu unayotaka, useme kuwa utasoma kwa mtandao mwanzo mpaka mwisho, uambatanishe matokeo yako ya cha nne na cha sita, uulize: nikimaliza kwa njia hii, tuzo yangu itatambuliwa? Jibu liwe la maandishi. La simu usilikubali, wala la mtu wa kwenye grupu, wala hili langu. Wewe umewajazia watu fomu miaka yote hiyo, barua moja haikushindi.

Kuhusu pesa za kaka, mimi ningezipeleka kwenye diploma. Kwa D na E zako vyuo vya diploma kwa kawaida vinakupokea, na ukitoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 mlango wa digrii unafunguka upya, na zile pointi tatu hakuna atakayezitaja tena. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana kampasi Pemba, Mchangamdogo, si mbali nawe. Nenda mwenyewe ukaulize diploma zipi zinafundishwa hapo na zipi ni lazima uvuke bahari, na kama ya kompyuta wanataka pasi ya hesabu ya kidato cha nne. Hilo la hesabu uliulize kwanza. Kuvuka bahari kuna chumba cha kukodi, kuna nauli ya boti, kuna kula, na hapo diploma inaweza kumshinda kaka yako hata kuliko hizo dola.

Ikiwa hivyo, kuna njia ambayo nashangaa hukuitaja, labda kwa kuwa haina tangazo zuri. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994, na Pemba kina kituo chake. Kina programu ya msingi kwa waliomaliza kidato cha sita pointi zisitoshe, na ukiimaliza kwa GPA ya 3.0 unaruhusiwa kuomba digrii. Unasoma ukiwa dukani kwa ami, unalipa shilingi, mitihani unakwenda kuifanya kwa miguu yako, na TCU hawana la kukuuliza kwa sababu ni chuo cha hapa hapa. Baba akitaka mlango, kituo kinao, aende akaugonge. Lakini na kwao usiende ukidhani ni mteremko. Huria ni kujisomea, na wapo watu walioingia pale wakiwa na mtoto mmoja wakamaliza wakiwa na wajukuu.

Unaona basi kuwa uvivu wa kusoma peke yako, kama unao, utakufuata popote. Ujipime kabla hujamfungulia kaka yako mkoba. Chagua kozi moja ya bure, moja tu. Harvard wanayo ya kompyuta inayoitwa CS50, iko wazi kwa kila mtu. Au, na mimi ningependelea hii, anza na hesabu za Khan Academy, ambazo zinaanzia chini kabisa, hata chini ya aibu yako. Video zitazame kwenye kompyuta ya dukani pale ambapo intaneti ipo, usile bando lako. Na tafuta mwenzako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapo Wete hukosi mwengine aliyeangukia palepale ulipoangukia, wewe unawajua wote kwa majina, fomu zao zimepita mikononi mwako. Kaeni pamoja siku moja ya wiki, kila mmoja amuoneshe mwenzake alichokifanya. Ikifika Ramadhani hamjaachana, hapo utakuwa umejua jambo kuhusu wewe mwenyewe ambalo hakuna chuo kitakachokwambia.

Kwa upande wa kazi za mbali, huko hawakuulizi TCU. Wanataka kuona ulichokitengeneza, na Kiingereza chako cha kuandika. Na hilo hulisubirii diploma. Ami yako bila shaka ana daftari la madeni, limeraruka jalada, nusu ya majina ni "mke wa fulani". Mtengenezee programu ndogo ya kuyaweka yale madeni, nani kachukua nini na kalipa ngapi. Ukiiweza ikafanya kazi dukani kwa mwezi mzima bila ya ami kurudi kwenye daftari, una kitu cha kumuonesha mtu, awe Nungwi awe Nairobi.

Chuo cha Marekani sikukatazi milele. Ukishakuwa na diploma, swali lako kwa TCU litakuwa jepesi zaidi, hesabu zitakuwa zimeshakuzoea, na pengine una mshahara wako. Kuna watu ambao leo hii ningewaambia waende bila kusita: mfanyakazi wa hoteli mwenye diploma ambaye bosi wake anataka kumpandisha cheo akipata digrii, au mama mwenye watoto wadogo na sifa kamili ambaye hawezi kuhama. Na wewe utafika hapo, lakini leo hujafika.

La mama yako naliheshimu, kwa sababu najua mtaa ulivyo. Usimjibu kwa hoja, mjibu kwa saa. Lala mapema, amka alfajiri, sali, kisha kaa ukumbini mahali penye kupita watu, kompyuta au simu iko wazi, daftari pembeni. Akipita akiona ni hesabu na kalamu, atazoea, na kesho atawanyamazisha wadogo zako wasikupigie kelele. Usiku simu iache kwake. Na hao wanaopita kuulizia, swali la masomo waulizwe siku ya kwanza kabla ya mahari. Anayeliona zito hilo, njia aliyojia anaijua.

Kaka mwambie mapema, usimuweke mpaka tarehe 30. Mwambie unachagua diploma au ile programu ya msingi ya Huria, itategemea watakachokujibu Mchangamdogo, na umuoneshe ile hesabu ya kozi 40 ili ajue kwa nini. Barua ya TCU iandike hata hivyo, hata kama huendi, na jibu likifika nitumie nakala ukiwa umefuta jina lako. Wapo wa Mkoani na wa Makunduchi walioniandikia swali kama hili, na wao wanalisubiri.

Somo